Kueleza Thamani ya Watu na Vitu kwa Msemaji: Maana, Thamani na Kirai "Kwangu"

Utangulizi

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa shule ya sekondari aliyepewa zoezi la kumwandikia barua ya shukrani mtu aliyemlea. Mwanafunzi huyu anamchagua mama yake wa kambo. Kwa kuwa masomo yake mengine yote huyasoma kwa Kiingereza, anayafikiri mambo yake kwanza kwa Kiingereza, kisha anayahamishia katika Kiswahili neno kwa neno. Sentensi inayobeba moyo wa barua yake inakuwa hii:

(1) *Mwanzoni hukuwa na maana kwangu, lakini sasa unamaanisha kila kitu kwangu.

(Katika sura hii, alama ya nyota huwekwa mbele ya tungo isiyokubalika au isiyofikisha ujumbe uliokusudiwa.)

Mwalimu anayesahihisha kwa kutazama viambishi peke yake hataona kosa. Kiambishi cha nafsi ya pili kipo mahali pake, ukanushi wa wakati uliopita umeundwa vyema, na kiunganishi "lakini" kimetumika ipasavyo. Hata hivyo, mama anayekijua Kiswahili ataisoma nusu ya kwanza kama tusi, kwa sababu mtu "asiye na maana" ni mtu wa ovyo, asiyefaa kwa lolote. Nusu ya pili itamwacha akijiuliza ni kitu gani anachodaiwa kukimaanisha. Barua iliyokusudiwa kumfurahisha ingeweza kumjeruhi, na mwandishi wake asingejua kwa nini.

Sura hii inaeleza chanzo cha kosa hili, inaonyesha njia ambazo Kiswahili chenyewe hutumia kueleza jinsi mtu au kitu kinavyothaminiwa na msemaji, na inapendekeza namna ya kuzifundisha njia hizo darasani.

1. Kitenzi kimoja cha Kiingereza, kazi tatu

Kitenzi cha Kiingereza "mean" hufanya kazi zaidi ya moja. Kwa madhumuni ya sura hii tutazame tatu:

(a) Kueleza maana ya neno au ishara: "What does this word mean?"
(b) Kueleza nia ya mtendaji: "I did not mean to hurt you."
(c) Kueleza thamani ya mtu au kitu kwa msemaji: "You mean a lot to me."

Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinachobeba kazi hizi zote. Kila kazi ina njia yake:

(2) a. Neno hili lina maana gani?
b. Sikukusudia kukuumiza.
c. Ninakuthamini sana.

Nomino "maana", yenye asili ya Kiarabu na iliyo katika ngeli ya I-ZI, inafaa kazi ya kwanza. Huweza pia kugusa kazi ya pili, kama katika "Nina maana kwamba tusubiri kidogo". Lakini haiingii kwa urahisi katika kazi ya tatu, na sababu zake ni mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba sikio la mzawa wa lugha, likisikia "una maana", hutazamia neno "gani". "Una maana gani?" ni swali la kudai ufafanuzi, na mara nyingi ni swali la mtu aliyekwishaanza kukasirika. Kwa hiyo "una maana kwangu" huonekana kama sentensi iliyokatika njiani.

Sababu ya pili ni kwamba neno hili limejijengea matumizi ya kuhukumu ubora. Zingatia mifano ifuatayo:

(3) a. Yule ni mtu wa maana.
b. Hilo ni jambo la maana.
c. Yule hana maana.

Sentensi (3a) humsifu mtu mwenye heshima na busara mbele ya jamii. Sentensi (3c) humshusha hadhi kabisa. Hukumu zote mbili ni za jumla: hazisemi jinsi msemaji anavyojisikia, bali zinatangaza jinsi mtu huyo alivyo. Kuongeza kirai "kwangu" mwishoni hakuiondoi hukumu hiyo. Ndiyo maana "hukuwa na maana kwangu" haisikiki kama "sikuwa nimekuzoea". Inasikika kama "ulikuwa mtu wa bure, nami niliona hivyo".

2. Ni nani awe kiima?

Tofauti kubwa kati ya lugha hizi mbili haiko katika msamiati tu, bali pia katika muundo wa sentensi. Katika tungo ya Kiingereza tuliyoitaja, kinachothaminiwa ndicho kiima, na mwenye kuthamini anatajwa mwishoni kwa kirai. Kiswahili kina njia kuu mbili, na zote humweka binadamu mwenye hisia ndani ya kitenzi chenyewe.

Njia ya kwanza: anayethamini ni kiima

Vitenzi vinavyotumika hapa ni -thamini, -jali, -penda, -heshimu, -enzi na vinginevyo vya aina hiyo. Kinachothaminiwa huwa yambwa, na huwakilishwa na kiambishi kati kinachopatana na ngeli yake:

(4) a. Ninawathamini walimu wangu.
b. Kitabu hiki ninakithamini, maana niliachiwa na babu.
c. Wema wenu hatutausahau.

Katika (4b) na (4c) yambwa imetangulizwa mwanzoni mwa sentensi, nacho kiambishi -ki- au -u- kinairejelea ndani ya kitenzi. Wanafunzi wengi hudhani kwamba wakibadilisha kiima watapoteza mkazo ambao Kiingereza huupata kwa kuanza na kitu kinachothaminiwa. Sivyo. Kiswahili kinaweza kukitanguliza kitu hicho bila kukifanya kiima. (Angalia pia kwamba katika (4b) neno "maana" limetumika kama kiunganishi cha sababu. Hiyo ni kazi nyingine ya neno hili ambayo mwanafunzi hana budi kuijua.)

Njia ya pili: anayethamini ni yambwa

Hapa kitu au mtu anayethaminiwa hubaki kuwa kiima, lakini mwenye hisia huingia ndani ya kitenzi kama yambwa. Vitenzi vinavyofaa ni -faa, -gusa, -fariji, -uma, -pendeza, -husu:

(5) a. Barua yako ilinifariji.
b. Maneno ya mwalimu yalitugusa.
c. Kifo chake kimetuuma sote.
d. Ushauri wako ulinifaa sana.

Sentensi hizi zina faida moja kubwa: zinaeleza ni nini hasa kilichotendeka moyoni mwa msemaji. Mwanafunzi anayetaka kusema kwa Kiingereza kwamba barua ilikuwa na thamani kwake analazimika, akifika katika Kiswahili, kuamua: je, ilimfariji, ilimtia moyo, ilimgusa au ilimfaa? Uamuzi huo ni sehemu ya kujifunza lugha, na mwalimu asimnyime mwanafunzi nafasi ya kuufanya.

Methali za Kiswahili zinaonyesha njia hii vizuri. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki" imejengwa juu ya kitenzi -faa: kiambishi a- ni cha kiima, -ku- ni cha yambwa, -faa ni mzizi, na -ye ni kirejeshi. Rafiki hatambulishwi kwa sifa aliyo nayo, bali kwa lile analomtendea mwenziwe. Vivyo hivyo "Undugu ni kufaana, si kufanana" hutumia mzizi uleule pamoja na kiambishi -an- cha kauli ya kutendana: thamani ya ndugu ni ya pande mbili.

Katika kundi hili tuweke pia kitenzi -wia, ambacho ni -wa katika kauli ya kutendea. Husikika zaidi katika tungo kama "Imeniwia vigumu kumsahau". Hapa pia mwenye kuathiriwa anaingia ndani ya kitenzi kwa kiambishi -ni-, na hakuna haja ya kuongeza "kwangu".

3. Kirai "kwangu" na maana zake mbili

Haya yote hayamaanishi kwamba kirai "kwangu" hakina kazi. Pamoja na wenzake kwako, kwake, kwetu, kwenu na kwao, kina maana kuu mbili: mahali pa makazi, na mtazamo wa msemaji.

(6) a. Mama yuko kwangu.
b. Elimu ni muhimu kwangu.

Kitenzi kishirikishi ndicho kinachotuongoza. Vishirikishi vya mahali vinavyoishia na -po, -ko au -mo huelekeza kwenye makazi, kama (6a). Kishirikishi "ni" kikifuatwa na sifa huelekeza kwenye mtazamo, kama (6b). Kumbuka kwamba "muhimu" ni kivumishi kisichopokea viambishi vya ngeli: mtu muhimu, kitu muhimu, mambo muhimu.

Utata hutokea pale nomino yenyewe inapohusiana na makazi:

(7) Yeye ni mgeni kwangu.

Sentensi hii huweza kuwa na maana kwamba amefikia nyumbani kwangu, au kwamba simfahamu. Kuondoa utata, msemaji wa maana ya kwanza atasema "ni mgeni wangu", na wa maana ya pili ataongeza "simfahamu" au atasema "sijamzoea". Lakini "jambo hili ni geni kwangu" na "lugha hii ni ngeni kwangu" hazina utata, kwa kuwa jambo wala lugha havilali nyumbani kwa mtu. Hapa "-geni" ni kivumishi, nacho hupatana na ngeli ya nomino yake.

Msemaji akitaka kuthibitisha kwamba anatoa mtazamo wake, hukitanguliza kirai hiki na kukikazia kwa kiwakilishi cha nafsi: "Kwangu mimi, elimu ni urithi." Kiwakilishi "mimi" huufunga mlango wa maana ya makazi.

Walimu wanaofundisha katika nchi jirani wana msaada mkubwa katika lugha za nyumbani za wanafunzi wao. Mwanafunzi wa Kiganda hueleza umuhimu wa kitu kwake kwa neno "mugaso", lenye dhana ya faida, pamoja na "gye ndi", ambayo kwa muundo wake ni "pale nilipo". Mwanafunzi wa Kinyarwanda hutumia "agaciro", yaani thamani, pamoja na "kuri njye". Katika mifano yote miwili dhana inayotumika ni faida au thamani, si maana ya neno. Kwa hiyo mwanafunzi hakuhitaji kupitia Kiingereza ili kuifikia sentensi sahihi ya Kiswahili. Njia ya kutoka katika lugha yake ya nyumbani ilikuwa fupi zaidi.

4. "-angu" mahali pa "kwangu": watu wa karibu

Kwa watu wa karibu, Kiswahili mara nyingi huacha "kwangu" na kutumia kimilikishi pamoja na jina la udugu. Jina lenyewe limekwisha kubeba thamani. Ndugu wa kike wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Ndugu wa kiume wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo. Mzee wa mtaani ni babu. Rafiki wa miaka mingi ni ndugu.

(8) a. Huyu ni rafiki yangu.
b. Hawa ni ndugu zangu.
c. Yule ni nani wako?

Majina haya huchukua vimilikishi vya ngeli ya I-ZI (yangu, zangu), lakini vitenzi vyake hufuata upatanisho wa A-WA: "Rafiki zangu wamefika." Sentensi (8c) ndiyo namna ya kawaida ya kuuliza uhusiano uliopo kati ya watu wawili. Mwanafunzi aliyezoea Kiingereza huelekea kusema *"Yule ni nani kwako?", ambayo huweza kueleweka kana kwamba tunauliza ni nani anayekaa nyumbani kwake.

Zingatia pia neno "kama". Kiingereza humsifu mlezi kwa kusema kwamba alikuwa kama mama. Katika Kiswahili, kumwambia mtu uliyezoea kumwita mama kwamba ni "kama mama" huweza kumsogeza mbali, kwa sababu "kama" hukumbusha kwamba siye. Sifa iliyo kamili zaidi hulitumia jina bila mfano, kisha hutaja tendo: "Yeye ndiye mama yangu; ndiye aliyenilea." Kirejeshi "ndiye" hufanya kazi ambayo Kiingereza hukiachia kitenzi chake cha thamani.

5. Kueleza kwamba kitu hakina thamani kwa msemaji

Hapa ndipo tahadhari inapohitajika zaidi, kama tulivyoona katika barua. Sentensi ya Kiingereza "It means nothing to me" ina angalau maana tatu, na kila moja ina njia yake katika Kiswahili:

(9) a. Siyaelewi maneno haya. (Msemaji hafahamu.)
b. Ni mamoja kwangu. (Msemaji hana upendeleo.)
c. Sioni faida yake. (Msemaji hakithamini kitu hicho.)

Karibu na (9b) kuna misemo mingine ambayo ukali wake hutofautiana. "Si neno" na "haidhuru" ni misemo ya upole: humpa mwenzako nafuu baada ya kukuomba radhi. "Sijali" ni kavu zaidi, na huweza kusikika kama dharau. "Hainihusu" hufunga mazungumzo. Mwanafunzi aliyekanyagwa mguu, akaombwa radhi na kujibu "hainihusu", amevunja adabu bila kukusudia. Orodha ya msamiati haitamwonya juu ya hilo. Mwalimu ndiye wa kumwonya.

Kwa mtu, kanuni ni rahisi: usimkanushie "maana". Kama unataka kusema kwamba zamani hukuwa na uhusiano naye, taja uhusiano huo: "sikukufahamu", "sikuwa nimekuzoea", "sikujua wema wako".

6. Je, "ina maana kubwa kwangu" ni kosa?

Swali hili litaulizwa darasani, na linastahili jibu la haki. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, husikika hotuba zenye tungo kama hii:

(10) Siku hii ina maana kubwa kwangu.

Sentensi hii ni sahihi kisarufi, inaeleweka, na imeenea katika hotuba na vyombo vya habari. Kivumishi "kubwa" kimeikamilisha nomino, kwa hiyo sikio halisubiri tena neno "gani". Aidha, kiima chake ni siku, si mtu. Mwalimu asiitie alama ya kosa. Anachoweza kufanya ni kumwonyesha mwanafunzi kwamba "Siku hii ninaithamini sana" au "Siku hii imenigusa" ni tungo zilizo karibu zaidi na mwendo wa Kiswahili.

Tungo *"inamaanisha mengi kwangu" ina udhaifu zaidi. Kitenzi -maanisha huhitaji kitu kinachoelezwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: mengi yapi? Tungo *"unamaanisha mengi kwangu", inayomhusu mtu, haina budi kusahihishwa, kwa kuwa mtu si neno la kutafutiwa maana.

7. Mapendekezo ya ufundishaji

Kwanza, usianze na tafsiri. Anza na hali: mwanafunzi anaagana na mlezi wake, anapokea zawadi, anapoteza kitu alichorithi. Uliza wangesema nini nyumbani kwa lugha yao, kisha jenga sentensi ya Kiswahili kutoka hapo.

Pili, waandikie ubaoni safu mbili za vitenzi: safu ya -thamini, ambamo anayethamini ni kiima, na safu ya -gusa, ambamo anayethamini ni yambwa. Watunge sentensi kwa kubadilisha viambishi vya nafsi na vya ngeli.

Tatu, unaposahihisha insha na barua, soma kila sentensi kwa sikio la yule aliyeandikiwa. Swali la kujiuliza si "viambishi vimepatana?" tu, bali pia "mama huyu akiisoma, atasikia nini?"

Sasa turudi kwenye barua yetu. Mwanafunzi hakuwa na upungufu wa shukrani wala wa msamiati. Alikosa muundo tu. Kwa kutumia yale tuliyojifunza, sentensi yake huweza kuwa hivi:

(11) Mwanzoni nilikuona mgeni, wala sikujua wema wako. Leo wewe ndiye mama yangu.

Hakuna neno "maana" ndani yake, wala kirai "kwangu". Kuna kitenzi -ona chenye yambwa -ku-, kuna "sikujua", kuna "ndiye" na kuna kimilikishi "yangu". Vipengele hivi vinne vyote mwanafunzi wa sekondari amekwisha kufundishwa. Ilibaki kuonyeshwa kwamba ndivyo vinavyofanya kazi aliyoikusudia.

Zoezi

1. Eleza tofauti ya maana kati ya "Yeye ni mgeni wangu", "Yeye ni mgeni kwangu" na "Yeye yuko kwangu".

2. Sahihisha tungo zifuatazo bila kutumia neno "maana" wala kitenzi -maanisha, kisha taja njia uliyotumia:
(a) *Shangazi anamaanisha mengi kwangu.
(b) *Zawadi yenu inamaanisha sana kwetu.
(c) *Zamani masomo hayakumaanisha kitu kwangu.

3. Changanua viambishi na mizizi ya maneno haya: akufaaye, ulinifariji, hatutausahau, imeniwia.

4. Tafuta katika lugha yako ya nyumbani namna mbili za kueleza kwamba mtu anathaminiwa na msemaji. Onyesha ni ipi kati yake inayokaribiana na muundo wa Kiswahili, na jinsi utakavyoitumia kama daraja darasani.

5. Andika barua fupi ya shukrani kwa mtu aliyekulea. Mpe mwenzako aisome kana kwamba yeye ndiye aliyeandikiwa, kisha jadilianeni kila sentensi ambayo ingeweza kusikika tofauti na ulivyokusudia.